Niliuza picha moja kwa vyumba kumi na viwili

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Nasoma sanaa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha bara, na sasa niko nyumbani likizo. Nimejitia mashakani kwa mkono wangu mwenyewe na hapa sina wa kumweleza, maana nusu yao watacheka na nusu watasema walinionya.

Muhula ulipokuwa unaisha, mwalimu alituonyesha uchapaji unaoitwa monoprinti. Alituonyesha mara moja tu, mbio mbio, kengele ikikaribia. Unapaka wino juu ya bamba laini, unachora ndani ya ule wino, unalaza karatasi, unasugua mgongoni, unabandua. Akatuagiza turudi na chapa kumi, zilizoharibika zikiwemo. Nikaona hili dogo. Nikang'oa kioo kwenye fremu kuukuu ya picha, nikaketi kiwandani, yaani ule uwazi wa katikati ya nyumba yetu (watu wa bara wasije wakadhani tuna mashine), nikaanza.

Kilichofuata ni uchafu. Ya kwanza ilitoka nyeusi tititi kama chungu. Ya pili kusi ilikuwa inavuma na kuingia kwa juu, wino ukakauka kwenye kioo kabla sijamaliza kuchora, karatasi ikatoka nyeupe na madoa mawili. Ya tatu nikazidisha wino ili usikauke. Nilipobandua, wino umeminywa ukafunga mistari yote. Ya nne nilichora kwa penseli juu ya mgongo wa karatasi, nikaegemeza mkono, kiganja changu kikatoka chote mpaka mistari yake.

Nikasema labda shida ni kioo. Nikamimina bamba la jelatini kwenye sinia, nikaliweka friji ligande. Bibi akalikuta. Akauliza ni kitu gani. Nikamwambia jelatini. Akauliza, ya mnyama gani? Sikuwa na jibu, na pakiti nilishaitupa. Lile bamba lilikuwa nje ya nyumba kabla ya adhuhuri, na sinia likaoshwa mara saba, moja kwa mchanga.

Ya kumi na tatu ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa usiku, wote wamelala. Nilipaka kioo kizima wino mweusi, kisha kwa kipande cha kanga iliyochakaa nikafuta ukanda mmoja, kutoka chini kwenda juu. Kwa pamba ya masikio nikatengeneza punda, masikio ndiyo yaliyotoka vizuri zaidi. Nikasugua kwa mwiko wa mama. Nilipobandua nilinyamaza, Shangazi. Kilikuwa kichochoro chetu, kuta mbili nyeusi, wikio (kile chumba kinachovuka kichochoro kama daraja) juu yake, mwanga umeteremka katikati kama mtu aliyemwaga maziwa, na punda amesimama anangoja. Asubuhi mjomba akaitazama akasema, "Nzuri, lakini baraza yetu iko kulia. Hii mmeihamisha lini?"

Nikaiweka kwenye stetasi. Mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela akaiona, akapiga simu. Ana vyumba 12, anataka 12, "zote kama hiyo hiyo", kila moja shilingi 1,000. Arubuni ya 6,000 ikaingia kwenye simu yangu kabla hatujamaliza kuagana. Nilikubali kwa sababu kwangu kuchapa ni kurudufu. Magazeti yanachapwa, kanga zinachapwa.

Tangu siku hiyo nimejaribu mara 19. Kile kioo cha usiku ule nilikibandika karatasi ya pili papo hapo, ikatoka imepauka kama nguo iliyofuliwa miaka kumi. Nyingine zote ni vichochoro vingine, wala si kile. Punda mmoja amefanana na sungura. Katika arubuni nimeshatumia 3,800 kwa wino na karatasi niliyoagiza Mombasa. Wageni wake wanafika mwisho wa mwezi. Rafiki yangu ananishauri niiskani ile moja, nitoe nakala 12 kwenye karatasi nzito, nipake uchafu kidogo kwa kidole pembeni, nitie sahihi, nani atajua? Nakaribia kumsikiliza.

Kuna njia yoyote ya kuitoa ile ile tena?

Vidole Vyeusi, Langoni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo unaloogopa jibu lake. Hakuna. Hata akija fundi aliyeifanya kazi hii miaka arobaini, kile kioo cha usiku ule kimeshatoa kilichokuwa nacho. Wino ulihamia kwenye karatasi, na kioo hakina kumbukumbu. Hakina mchongo wala mfereji wa kushika wino mahali pale pale mara ya pili.

Wewe ni wa Lamu, kwa hiyo nitakuambia kwa lugha ya nyumbani. Kanga inachapwa kutoka bamba au skrini iliyoshika umbo, na ndiyo maana doti elfu zinatoka zikiwa na maneno yale yale na pindo lile lile. Hina haiko hivyo. Mpakaji hina yule yule akimpamba bibi harusi yule yule, mkono wa kulia na wa kushoto haulingani sawasawa, na wiki ijayo hawezi kuurudia ule wa leo. Ulichokifanya usiku ule ni hina. Ulichomuuzia mtu wa Shela ni kanga. Kosa ni hilo tu, na ni kosa la neno, kwa sababu kutoa picha moja tu na kurudufu elfu, kwa Kiswahili zote mbili tunaziita kuchapa.

Ile ya pili iliyopauka usiitupe, nakuomba. Ulaya wachapaji huiita mzuka, mimi napenda kuiita kivuli. Edgar Degas, mchoraji wa Ufaransa, katika miaka ya 1870 alifanya chapa nyingi za namna hii, nyingine kwa njia hiyo hiyo yako ya kufunika bamba kwa weusi na kufuta mwanga kwa kitambaa. Alikuwa na mazoea ya kuitoa ile ya pili iliyofifia kisha kuipaka chaki za pasteli juu, na baadhi ya kazi zake zinazopendwa sana zina kivuli chini yake. Wala hakuwa wa kwanza. Giovanni Benedetto Castiglione wa Genoa, Italia, alikuwa akifuta mwanga kutoka kwenye weusi tangu miaka ya 1640. Kwa hiyo usidhani umekosea mtambo fulani ambao wengine wanao. Nao walikuwa wakipata moja, na kivuli chake.

Sasa rafiki yako. Kuskani si haramu, mwanangu. Mtu anaweza kuuza nakala ya mashine, akaiita nakala ya mashine, akaiuza kwa bei ya nakala. Ila ule uchafu wa kidole pembeni! Hapo ndipo mkono ulipoanza kusema uongo. Huyo mtu atazitundika 12 ukutani, mgeni mmoja mwenye macho atatembea kutoka chumba hadi chumba, ataona punda 12 wana unywele ule ule uliosimama kwenye sikio, na Lamu ni ndogo. Kutoka Shela hadi Langoni habari haisubiri mashua.

Nenda Shela wewe mwenyewe, usimpigie simu. Nenda na mjomba, yule yule aliyeona baraza imehama, kwa sababu mbili: haipendezi uende peke yako kuzungumzia pesa za watu, na ana jicho. Chukua ile ya kumi na tatu, kivuli chake, na tatu nyingine ulizozitoa baadaye. Zipange juu ya meza. Mwambie, "Nilikuahidi kitu ambacho kazi hii haikitoi. Kila moja huzaliwa peke yake." Usieleze sana. Mpe nafasi azitazame.

Kisha mpe hili, ambalo nimelifikiria tangu jana usiku na limenifurahisha mimi kuliko litakavyomfurahisha yeye. Vyumba vyake ni 12. Saa za usiku ni 12. Kichochoro kimoja, kutoka saa moja ya magharibi hadi saa kumi na mbili ya alfajiri, kila chumba na saa yake. Saa moja, maduka bado yana taa na mwanga umejaa chini. Saa nne umebaki kwenye daka moja tu, yaani kibaraza cha mlangoni. Saa nane, punda na uzi wa mbalamwezi, basi. Saa kumi na moja, taa imewaka upande wa msikiti. Hapo kutofanana kunakuwa ndiyo kazi yenyewe.

Ili zionekane ni ndugu na si watoto wa jirani, unahitaji kitu kisichobadilika. Tafuta filamu kuukuu ya eksirei, kila nyumba ina mtu aliyewahi kuvunjika mkono. Ikate umbo la ule ukanda wa mwanga, na chini ya wikio uache ukingo safi. Ilaze juu ya kioo kisafi, pitisha rola yenye wino juu ya kila kitu, kisha iinue taratibu kwa ncha ya kisu. Pale ilipolala pamebaki pasafi, pana ukingo mkali, na patakuwa vile vile mara zote 12. Kuta, vivuli, punda na taa unavifanya kwa mkono, kila mara upya. Na hapa nikusahihishe jina: wachapaji wengi huita monoprinti kazi yenye kitu kimoja kinachorudiwa namna hii, na ile uliyoifanya usiku, ambayo bamba lake halina chochote cha kudumu, huiita monotaipu. Mwalimu wako alikuwa na haraka.

Sasa tuje kwenye mikono yako, maana barua yako imejaa dalili na hakuna aliyekusomea.

Unafikiri ya kumi na tatu ilikuwa bahati. Mimi naona sababu tatu ulizoziandika mwenyewe bila kujua. Kwanza, ilikuwa usiku. Upepo ulikuwa umelegea, hewa ina unyevu, na wino wako, ambao naukisia ni wa maji, ukakupa muda. Mchana wa kusi, kiwanda kilicho wazi juu, wino wa maji unakauka kwenye kioo kama ute wa yai. Fanya kazi usiku au alfajiri, au ingia ndani ufunge dirisha. Ukishindwa, tia tone moja la gliserini, hii hii ya kupaka ngozi, katika kijiko cha wino. Tone moja! Ukizidisha hautakauka hata kwenye karatasi. Pili, kanga iliyochakaa. Pamba iliyofuliwa miaka mingi inabeba wino bila kuacha nyuzi, ndiyo maana mwanga wako ulitoka laini. Kitambaa kipya kingekukwaruza. Tatu, mwiko, nao nitaurudia.

Kiasi cha wino ndicho kilichokuua kwenye ya kwanza na ya tatu. Usikipime kwa jicho peke yake, sikiliza. Rola ikipita kwenye wino uliozidi hainong'oni, inateleza na kuloa. Ukipungua inakwaruza. Ukiwa sawa inatoa sauti ndogo ya kubandukabanduka, kama champali zinazotembea kwenye sakafu iliyomwagikiwa soda jana. Inama utazame kutoka pembeni pia: ukiona vinundu kama ganda la chungwa, wino ni mwingi, pitisha rola juu ya gazeti kisha urudie. Pakibaki mng'ao tulivu kama wa hariri, anza kufuta.

Kiganja chako cha ya nne kisikusikitishe. Ile ni njia nyingine kabisa: unapaka wino mwembamba, unalaza karatasi bila kuibonyeza, unachora mgongoni, na mstari unatoka upande wa pili ukiwa na manyoya kidogo. Paul Gauguin alifanya michoro mingi hivyo tangu mwaka 1899. Unachotakiwa ni kuweka vitabu viwili kila upande wa kioo na rula ndefu juu yake kama daraja, mkono ukae juu ya rula. Kama unasoma hii na kiganja bado kimekaa kwenye daftari, kihifadhi. Mimi ningempelekea mwalimu hicho kwanza.

Hukusema ni karatasi gani. Nakisia ile ya kumi na tatu ilikuwa nyembamba, na hii uliyoagiza Mombasa ni nzito, ndiyo maana 19 zote zimekukataa. Karatasi nzito ikisuguliwa kwa mkono ikiwa kavu haiufikii wino. Iloweshe dakika chache, ikandamize kati ya taulo mbili mpaka isiwe na mng'ao wa maji, iwe baridi ukiigusa shavuni lakini isikuloweshe. Hapo inanyonya. Ikimeta bado, wino wa maji utachuruzika. Na usiiache ikiwa mbichi mpaka kesho, kwa hewa yetu itaota kuvu.

Unaposugua, anza katikati uende nje kwa miduara midogo. Kabla ya kubandua, shikilia upande mmoja, inua pembe, chungulia. Ukiona pamepauka irudishe usugue tena. Kuchungulia hakuna adhabu.

Baraza ya mjomba ni rahisi. Chora kichochoro kwenye karatasi nyembamba, igeuze, ibandike dirishani upate mistari yake kwa nyuma, kisha iweke chini ya kioo na ufute ukiifuata. Kilicho kushoto kwenye kioo kitatoka kulia. Kwa picha hii ni lazima, maana mtu wa Lamu akiona kichochoro kimegeuka hataona tena kitu kingine. Siku ukitaka kuandika jina la jahazi au maneno ya kanga ndani ya picha, kwa herufi zozote, ndipo utajua umuhimu wake.

Kingo za kioo cha fremu zizungushie plasta, sitaki barua ya pili yenye damu. Ukija kutumia wino wa mafuta, kisafishe kioo kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, halafu sabuni, usimwage petroli karibu na jiko. Na matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze yakauke, usiyafinyange ukayatupa kwenye pipa, huweza kujiwasha moto yenyewe. Mafundi wa Matondoni wakikupa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka majahazi, washukuru uirudishe. Picha yenye harufu ya papa chumba cha wageni!

Kuhusu bibi, bibi yuko sahihi. Jelatini nyingine hutoka kwa ng'ombe, nyingine kwa nguruwe, na pakiti isiyosema haijakujibu. Ipo ya ng'ombe yenye alama ya halali. Lakini kwa joto letu jelatini hulegea haraka, utakuwa unakimbizana na friji. Jaribu chaina grasi, hii ya vitamu vya Ramadhani, ambayo hutokana na mwani. Ikishaganda haiyeyuki mpaka ichemshwe karibu upya. Ni dhaifu kidogo, hukatika ukiishika kwa pupa. Na kabla ya kuimimina mwite bibi umwonyeshe pakiti, akusomee yeye.

Pesa. Umebaki na 2,200. Mtu wa Shela akikataa saa za usiku, mpe hizo hapo hapo na mwambie 3,800 utazileta kwa mafungu, tarehe ukazitaje mbele ya mjomba. Akisema anataka 12 zinazofanana na hataki jingine, mwambie hiyo ni kazi ya kuchonga lino (linoleamu, bamba laini la kuchongwa kwa kisu), ambayo bamba lake linashika umbo na kurudia, na mwisho wa mwezi hautakutosha kwa sababu hujawahi kuichonga. Akikubali saa za usiku, usikubali mwisho wa mwezi pia. Omba vyumba sita kwanza. Kila moja iandike 1/1, yaani moja na ya pekee, chini kwa penseli, na saa yake.

Ile ya kumi na tatu usimuuzie. Baraza yake iko upande mbaya, na kazi ya chuo hujaifanya.

Na ule mwiko wa mama usirudi tena jikoni, hata ukiusugua namna gani. Mnunulie mwingine leo leo, kabla hajautafuta.

Shangazi